Ruvu Ndiyo Kingani
(Maneno ya mwalimu wa Historia kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu)

Wana-Mlandizi wenzangu mliotoka Dar es Salaam na kwingineko, karibuni nyumbani.

Nimeombwa nieleze kwa nini mwaka huu tunachangia vifaa vya somo la Historia wakati madawati hayatoshi. Swali hilo ni la haki, hata mimi nimejiuliza.

Niliwapa wanafunzi kazi watafute mtandaoni habari za Mto Ruvu. Wakarudi na mitambo ya maji yanayokwenda Dar es Salaam, basi. Nikawaambia andikeni Kingani, jina walilolitumia wasafiri wa zamani. Hapo wakampata Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857, na Stanley, aliyevuka mto huo mwaka 1871 akielekea Ujiji. Vitabu vyao vinasomwa bure. Burton anawasema babu zetu vibaya sana, na binti mmoja akauliza kwa hasira: "Mbona sisi hatukuandika?"

Tuliandika. Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mzaramo wa Dunda, ndiye mwandishi mkuu wa *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Tena kwa Kiswahili! Siku ile kengele ililia na hakuna aliyeinuka.

Historia ya Tanzania na Maadili sasa ni somo la lazima. Vitabu vya kiada vimo bure katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Katiba ya 1977 ipo. Tovuti ya Bunge ina taarifa rasmi za vikao, mwanafunzi anasoma mwenyewe mbunge anavyouliza na waziri anavyojibu. Tatizo ni kuvifikisha darasani. Mimi hupakua usiku kwa bando langu, nabeba kwenye flashi, kisha naonyesha kwenye laptop moja. Wa nyuma hawaoni kitu.

Siombi chumba cha kompyuta. Shule moja niliyofundisha zamani ilipewa kompyuta, zikaishia stoo kwa kukosa fundi. Naomba projekta moja kwa kila shule, diski ya kuhifadhia tunayopakua, ili siku bando likiisha somo liendelee, na kinasa sauti.

Kinasa sauti ni kwa yale ambayo hayamo mtandaoni. Reli ya kutoka Ruvu kwenda Mnyusi ilikamilika mwaka 1963, na wanaokumbuka ujenzi wake wamebaki wachache. Mzee mmoja wa Ruvu Stesheni alikubali kuzungumza na wanafunzi. Tukasema tusubiri mitihani iishe, tukatafute na chombo cha kumrekodi. Tulimzika Oktoba.

Wawili wengine wamekubali. Fomu za ahadi ziko kwa mhazini, meza ya pale mlangoni, na hata nusu ya bei ya projekta inapokelewa.