MGONGO WA MCHUKUZI NA DAFTARI LA CHAMA
Hotuba ya Katibu kwa wanachama wa Salale, katika sherehe za kutimiza miaka 10



Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za magunia yaliyopita katika ghala letu kwa miaka hii 10. Sisi twaomba ruhusa ya kusema juu ya migongo iliyoyabeba.

Hapa Salale hakuna haja ya kumweleza mtu mzigo ni kitu gani. Babu zetu walitoa boriti za mikoko katika matope ya delta, zikapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Leo twabeba korosho, mpunga, nazi na samaki, na pale Nyamisati bado watu hupandisha na kuteremsha mizigo kwa mabega yao. Gunia la korosho lina kilo 80 hivi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi sana. Tofauti ya hesabu hizo kila mmoja wetu aweza kuitoa mwenyewe.

Yatupasa sasa kukiri kosa letu. Msimu mmoja mchukuzi wetu aliteleza mlangoni mwa ghala akiwa na gunia begani. Hakuanguka, ila alijipinda ili kuliokoa gunia, na papo hapo kiuno kikateguka. Alikaa kivulini, akanywa maji, kisha akajikongoja kwenda kwake. Hapana aliyeandika neno. Siku ya 5 alikwenda kutibiwa, na alipoulizwa anaumwa nini alijibu kwa neno moja: “Mgongo.” Basi likaandikwa hilo alilolisema, maumivu ya mgongo. Miezi ilipopita, naye hawezi tena kuinama, tulitaka kumwombea fidia. Tulifungua daftari la ghala. Gunia lile lilikuwamo, pamoja na uzito wake na jina la mwenye korosho. Aliyelibeba hakuwamo.

Wanachama walimchangia, na Mungu awalipe. Lakini mchango ule ulikuwa wa huruma, wala haukuwa wa haki.

Ndugu wanachama, hapana budi tufahamu jinsi maneno ya mgonjwa yanavyosafiri. Anayosema huandikwa na tabibu. Yaliyoandikwa huingizwa katika rejesta, na mwisho ugonjwa hupewa namba. Namba hizo hutoka katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iitwayo kwa kifupi ICD, ili ugonjwa wa Kibiti na ugonjwa wa Uingereza uhesabiwe kwa kipimo kimoja. Katika toleo la 10 la orodha hiyo, maumivu ya kiuno yasiyotajwa chanzo hupewa M54.5, na herufi M ni ya maradhi ya mifupa na misuli. Kuteguka kwa uti wa mgongo sehemu ya kiuno ni S33.5, na kuumia kwa misuli ya kiuno huingia katika S39.0, herufi S ni ya majeraha. Ipo pia namba ya chanzo, X50, yaani kutumia nguvu kupita kiasi. Toleo la 11, lililoanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, lina namba nyingine, ila kanuni ni ile ile: namba hufuata maneno. Mtu wetu alipata jeraha kazini, naye kwa neno lake moja akahesabiwa miongoni mwa wenye maumivu tu.

Kwa hiyo twaomba kila anayeumia aeleze mambo manne: siku na saa, alikuwa akifanya kazi gani na mzigo ulikuwa na uzito gani, mahali hasa panapouma, na kama maumivu yanashuka mguuni, na kama aliwahi kuumwa mahali hapo zamani. Hili la mwisho asilifiche, maana uongo mdogo hubomoa ushahidi mkubwa.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Mwajiri ndiye achangiaye. Mfanyakazi hakatwi kitu. Lakini Mfuko hauwezi kulipa ajali isiyokuwa na maandishi. Tena mkulima abebaye gunia lake mwenyewe shambani hana mwajiri wa kumdai. Hata hivyo kwake pia maelezo kamili yana faida, kwani tabibu ajuaye kwamba mtu ametoka kunyanyua mzigo hatahangaika kutafuta ugonjwa wa figo.

Kuhusu matibabu, tusiogopeshane. Migongo mingi iliyoteguka hupona katika muda wa majuma machache, na kutembea taratibu kwafaa kuliko kulala kitandani siku nyingi. Lakini miguu ikilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka au ukatoka wenyewe, mgonjwa asingoje kupwa wala kujaa. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Ndugu Mwenyekiti, twaleta maombi mawili mbele ya mkutano huu. La kwanza, daftari la ajali liwekwe mezani kando ya mizani, na ajali iandikwe siku ile ile mbele ya shahidi, hata kama aliyeumia anasema si kitu. La pili, gunia la korosho liinuliwe na watu wawili. Twajua kazi itakwenda polepole kidogo, na foleni ya mashua itarefuka. Twaona bei hiyo yalipika.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka 10 tumeitii methali hiyo kwa korosho. Miaka 10 ijayo na tuitii kwa watu.