Mzee Anapopunguza Mwendo



Twamkumbuka mzee mmoja wa ushirika wetu, mweka hazina kwa miaka mingi. Mwandiko wake katika kitabu cha sadaka ulianza kuwa mdogo, ukazidi kuwa mdogo, hata tukashindwa kuusoma. Akawa anafika ibadani wimbo wa pili umekwisha. Alipotembea, mkono wake wa kulia ulitulia ubavuni, haukuyumba. Tukasema ni uzee. Wengine wetu, na twaona haya kulitaja, tukasema ni uvivu. Tukamwondolea kitabu, tukampa kijana.

Mwaka uliofuata binti yake alimpeleka kwa daktari. Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson, unaoitwa kwa jina la tabibu wa London, James Parkinson, aliyeueleza mwaka 1817. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kitu kinachosaidia mwili kuanza mwendo na kuuongoza, hufa kidogo kidogo. Dawa haiuondoi, lakini levodopa huwarudishia wengi wepesi. Mzee wetu alianza tena kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe.

Ni kweli, ndugu, umri wenyewe hupunguza nguvu. Barzilai alikuwa na miaka 80 alipomwomba Mfalme Daudi asimpeleke kukaa Yerusalemu, na Daudi hakumlazimisha. Alimbusu, akamwacha arudi kwao.

Lakini uzee huja polepole. Mzee aliyelima mwaka jana na leo anahema akifika mlangoni, huyo aulizwe zaidi. Pengine damu yake imepungua kwa kuvuja tumboni bila kuonekana. Pengine moyo umedhoofika, na miguu huvimba jioni. Tezi ya shingoni ikilegea, mtu huona baridi hata jua likiwaka. Vidonge vya presha vikizidi kipimo huleta kizunguzungu. Basi avipeleke vyote kwa daktari, asiviache kwa shauri lake mwenyewe. Tena kuna huzuni ya kufiwa na mke, ambayo wazee wetu hawaisemi. Na aliyeanguka akagonga kichwa majuma machache yaliyopita asingoje hata siku moja, maana damu huweza kukusanyika taratibu juu ya ubongo.

Tulikwenda kwake kumwomba msamaha. Alitutazama kitambo, kisha kwa sauti ndogo akauliza kama yule kijana anajumlisha vizuri.