Pima Maji Kabla ya Kupima Ardhi: Hatua za Kwanza za Bustani ya Mboga Dar es Salaam



1. Utangulizi

Wengi waliokaa katika ukumbi huu tayari wana kipande cha kulima, au wameahidiwa: ua wa nyumba, kiwanja ambacho mwenyewe hajajenga, au kona ya eneo la shule, msikiti au kanisa. Anayeanza huuliza kwanza eneo hilo lina ukubwa gani. Mada hii inamwomba aulize jambo jingine kabla ya hilo: nitaweza kufikisha ndoo ngapi za maji kwenye tuta kila siku, Jumatatu hadi Jumapili, hata siku niliyochoka?

Hoja yangu ni hiyo moja. Katika jiji letu, maji ndiyo yaamue ukubwa wa bustani, msimu wa kuanzia na mboga ya kupanda. Mtu anayetanguliza ardhi hufyeka eneo lote mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili majani makavu yanamkatisha tamaa. Kisha husema hana mkono wa kupanda, kumbe alichokosa ni hesabu.

2. Hesabu ya maji

Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Katika kipindi cha jua kali, bustani ya mboga hupoteza kiasi cha milimita 5 kwa siku kupitia udongo na majani. Kwa hiyo kila mita ya mraba inadai takriban lita 5, na dumu la lita 20 linatosha mita 4 za mraba.

Tuta lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5 lina mita 6 za mraba. Linahitaji lita 30, yaani dumu moja na nusu. Matuta manne ya namna hiyo yanahitaji lita 120, sawa na madumu sita. Mtu mmoja anaweza kuyabeba asubuhi na jioni bila kuharibu ratiba ya kazi zake. Eka moja, yenye mita za mraba zipatazo 4,000, ingedai madumu 1,000 kila siku. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 ziliweka kikomo cha eka 3 kwa mtu. Kwa anayemwagilia kwa keni, bega lake litamwekea kikomo mapema zaidi.

Anayenunua maji azidishe bei ya dumu mtaani kwake kwa sita, kisha kwa thelathini, alinganishe jibu na fedha anayotumia kununua mboga kwa mwezi. Kuna mitaa ambako hesabu hiyo itamwambia apunguze matuta yawe mawili, au asubiri mvua. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya kununua jembe.

Matandazo yanapunguza mzigo. Nyasi kavu au majani ya migomba yakitandazwa kati ya mistari, udongo haupigwi na jua moja kwa moja. Ili kujua kama tuta linahitaji maji leo, ingiza kidole ardhini hadi pingili ya pili. Ukikuta unyevu, weka keni chini.

3. Maji ya aina gani

Visima vingi vilivyo karibu na pwani vina chumvi. Utando mweupe unaobaki juu ya udongo baada ya maji kukauka ni dalili yake. Mwenye maji ya chumvi kidogo aanze na spinachi, ambayo huvumilia, na aachane na maharage, ambayo huathirika haraka.

Maji ya mito inayopita katikati ya jiji yanahitaji tahadhari kubwa zaidi. Utafiti wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1999, ulipima kadmi, risasi, shaba na zinki katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Vijidudu vya maji machafu vinaweza kupungua kwa kuosha na kupika vizuri. Madini mazito yaliyopandishwa na mizizi hadi ndani ya jani hayaondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Ukiwa huna maji salama, usijidanganye kwamba sufuria itasahihisha.

4. Msimu wa kuanzia

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Wengi huona masika ndiyo wakati mwepesi kwa kuwa maji yanashuka bure. Lakini mvua kubwa hufukua mbegu ndogo, huzamisha miche na huleta ukungu kwenye nyanya. Ushauri wangu ni kutengeneza matuta mwishoni mwa Mei na kupanda mwanzoni mwa Juni. Wakati huo udongo bado una unyevu, joto limepungua, na mwanafunzi wa bustani anapata wiki kadhaa za kuzoea keni kabla jua halijawa kali.

Umbo la tuta nalo lifuate maji. Wakati wa mvua, inua tuta ili maji yapite. Wakati wa kiangazi, hasa kwenye mchanga, lizamishe kidogo na liwekee kingo ili maji yasikimbie.

5. Udongo

Sehemu kubwa ya jiji ina udongo wa kichanga. Maji hupita upesi na hubeba rutuba. Hapa samadi ina kazi mbili: inalisha mmea na inashika maji, hivyo ndoo ya samadi unayochimbia leo inakupunguzia madumu ya kesho. Kipimo cha kuanzia ni ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza kwa kila mita 2 za mraba, ichanganywe na udongo kwa kina cha jembe.

Mbolea ya kuku inapatikana kwa urahisi kwa sababu wafugaji wa mijini ni wengi. Ikiwa mbichi huunguza miche. Irundike, iloweshe kidogo, ifunike na uigeuze mara kwa mara mpaka ipoe na harufu kali iishe. Maganda na mabaki ya jikoni nayo yaozeshwe yawe mboji.

6. Mboga za kuanzia

Nyanya humvutia kila anayeanza, maana bei yake inajulikana sokoni. Lakini hukaa kitaluni wiki nne hivi, kisha miezi isiyopungua miwili shambani kabla ya tunda la kwanza, na muda wote huo inanywa maji na kuviziwa na wadudu. Tangu mwaka 2014 nchi yetu ina kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, na kumdhibiti kunahitaji uzoefu. Nyanya isubiri msimu wa pili au wa tatu.

Anza na mchicha. Huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kusiwa. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane, zisie kwenye mistari na uzifunike kwa udongo mwembamba. Ukisia tuta moja kila wiki, tuta la kwanza litakuwa tayari wakati la nne linaota, nawe utakuwa na mavuno kila wiki. Tukikadiria kilo 1 tu kwa mita ya mraba, tuta moja litatoa kilo 6. Kwa familia ya watu watano hiyo ni gramu 170 hivi kwa mtu kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Bustani ya madumu sita imekaribia nusu.

Ukishauzoea mchicha, ongeza matembele. Hayahitaji mbegu: kata marando yenye urefu wa sentimita 30 hivi, fukia nusu yake, na endelea kuchuma majani kwa miezi. Kunde hutoa majani mapema na hurutubisha udongo. Sukuma wiki na chainizi zifuate, zikianzia kitaluni.

7. Wadudu na dawa

Katika bustani ndogo, macho na vidole ndiyo kinga ya kwanza. Geuza majani kila asubuhi, kamata viwavi, ng'oa mmea uliojaa vidukari kabla haujaambukiza jirani yake. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, kulowekwa usiku kucha na kuchujwa husaidia yakinyunyizwa jioni. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mchicha wa wiki tatu hauna nafasi ya kusubiri wiki mbili.

Usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili au mnavu mahali palepale mfululizo. Ni za ukoo mmoja na huachiana magonjwa.

8. Makubaliano ya ardhi

Anayelima kiwanja cha mtu aandikiane naye, hata kwa karatasi moja mbele ya mjumbe wa shina: muda, matumizi ya maji, na notisi ya kuondoka. Ikiwa muda haujulikani, panda mboga za wiki nne, usipande za miezi minne. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwulize afisa mazingira wa kata yako kabla hujachimba huko, usije ukapoteza jasho lako kwa amri ya siku moja.

9. Mapendekezo

Kwanza, kila mshiriki apime maji yake kwa wiki nzima kabla ya kukata tuta la kwanza. Pili, asizidishe matuta manne katika msimu wa kwanza. Tatu, aanze na mchicha, ausie kwa zamu ya kila wiki, na aandike kwenye daftari tarehe ya kusia, madumu aliyomwaga na kilo alizovuna. Nne, maofisa ugani wa kata watakapowatembelea wakulima wapya, waanze ukaguzi kwenye chanzo cha maji ndipo waingie kwenye matuta.

Tuta moja linalonyweshwa kila siku lina faida kuliko robo eka inayosubiri mvua. Mwenye madumu mawili aanze na tuta moja, na aanze msimu huu.