Sala Zenye Majina ya Vijiji



Asubuhi tumechangishana fedha za kanisa kwa ndugu zetu wa milimani. Kabla hatujazipeleka, sikieni habari za James Fraser.

Mwingereza huyu, mhandisi kwa elimu, alifika Uchina mwaka 1908, akaishi na Walisu, wakulima wa milima mirefu ya Yunnan. Miaka ya kwanza waumini walikuwa wachache mno. Akamwandikia mama yake akusanye watu wachache wa kumwombea, naye akawapelekea habari kamili: kijiji gani, jamaa gani, shida gani. Sala za jumla hakuzitaka. (Hizi zetu za "ubariki ulimwengu wote" sijui angezisemaje!) Mwaka 1916 watu kwa mamia waligeuka.

Hata hapo hakuwajengea makanisa wala kuwalipa wahubiri wao. Walisu walijenga wenyewe, na vitabu wakanunua.

Sasa nauliza: nani humu anajua jina la kijiji kimoja tu huko tunakopeleka fedha? Naomba zikae kwanza kwa mweka hazina. Vijana wawili wapande huko likizo hii, waulize, waandike majina, watuletee.