Kuuliza Seli: Mkorogo, Steroidi na Kipokezi cha Homoni



Leo natetea jambo moja. Tukitaka kuwalinda watu wetu dhidi ya mkorogo, yaani krimu za kung'arisha ngozi zinazochanganywa kiholela, haitoshi kuuliza ndani yake mna nini. Tuulize pia unafanya nini mwilini, na swali hilo hujibiwa na seli hai.

Chukua steroidi iitwayo klobetasoli. Krimu yake ni dawa halali. Daktari huiandika kwa pumu ya ngozi au soriasisi, ipakwe kidogo, kwa muda mfupi. Nguvu yake ya kawaida ni asilimia 0.05 tu, na bado imo miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Ikichanganywa kwenye kopo la mkorogo lisilo na lebo na kupakwa mwezi baada ya mwezi, ngozi huwa nyembamba, michirizi hutokea, chunusi huzuka. Inayopenya hadi kwenye damu inaweza kuzidumaza tezi zilizo juu ya figo, zikashindwa kutoa homoni ya kotisoli ya kutosha.

Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi vimepigwa marufuku nchini Tanzania. Mashine za maabara hubaini kemikali hizo kwa usahihi mkubwa, ilimradi zimeelekezwa cha kutafuta. Steroidi za jamii hii ni nyingi, na mkorogaji aweza kubadili moja kwa nduguye asiye kwenye orodha.

Zote, hata hivyo, hupitia kipokezi kilekile ndani ya seli: kile cha glukokotikoidi, yaani jamii hii ya steroidi. Jeni yake ilisomwa mwaka 1985 katika maabara ya Ronald Evans, Taasisi ya Salk, California. Steroidi ikishikamana na kipokezi, kipokezi huingia kwenye kiini cha seli, hushika vipande maalumu vya DNA, huwasha jeni hizi na kuzima zile.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Huchukuliwa seli za U2OS, zilizotoka kwenye saratani ya mfupa ya binti mmoja mwaka 1964, ambazo kipokezi hicho kwao ni haba mno. Hupandikizwa jeni ya kipokezi cha binadamu, pamoja na jeni ya lusiferasi, kimeng'enya kinachompa kimulimuli mwanga wake, ikiwekwa chini ya amri ya kipokezi hicho. Steroidi ikifika, seli hutengeneza lusiferasi. Ikiongezewa kemikali yake, mwanga hutoka na mashine huupima.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37. Maji ya damu ya ndama yanayolisha seli husafishwa kwanza kwa mkaa, maana yana homoni zake na yangeziwasha kabla ya kipimo. Kisha hutiwa dondoo la krimu, usiku upite. Kishimo kikiwaka, kingine hutiwa dondoo lilelile pamoja na mifepristoni, inayokizuia kipokezi. Mwanga ukififia huku seli zikiwa hai, ushahidi ni mzito.

Sharti hilo la uhai lina sababu. Zebaki haiwashi kipokezi hiki, lakini inaweza kuua seli, na kishimo chenye seli zilizokufa hakitoi mwanga hata kama steroidi imo. Kwa hiyo lazima uhai wa seli upimwe pembeni, na kemia ibaki na kazi yake. Seli huonyesha kopo la kushukiwa. Kemia hutaja sumu kwa jina.

Naomba Shirika la Viwango (TBS), Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Mkemia Mkuu wa Serikali, Muhimbili na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wajenge pamoja maabara ya namna hii. Inahitaji nitrojeni ya kimiminika, umeme usiokatika, na vijana waliofundwa kutunza seli kila siku, sikukuu zikiwemo. Ni gharama, lakini ni gharama ya haki. Binti wa Mbagala anayenunua kopo lisilo na lebo anastahili ulinzi uleule anaoupata mgonjwa aliyeandikiwa krimu hiyo na daktari.