Mzigo Tunaoufunga Leo

(Mazungumzo ya Mchungaji kwa vijana wa Usharika, mbele ya wageni wa Dayosisi, jioni ya kuamkia kambi ya kwanza ya kufuata nyayo za wapagazi, katika mwaka wa Jubilei ya miaka 100)



Kamati ya Jubilei iliniomba niseme maneno machache juu ya matayarisho ya safari hii. Nilidhani ni kazi nyepesi: kuisoma orodha ya vitu, kuwaombea, na kuwaaga. Lakini juzi jioni nilipita katika ukumbi wetu nikaikuta mizigo yenu imepangwa sakafuni. Niliona mabegi yenye magurudumu, mito ya kulalia, katoni za soda na spika kubwa ya muziki. Kando yake vilikuwapo vibuyu viwili vilivyoazimwa kwa bibi wa mmoja wenu. Nikajua kwamba yanipasa kuzungumza nanyi juu ya jambo moja tu, nalo ni mzigo.

Kesho gari litawafikisha mwanzo wa njia. Kutoka hapo mtatembea kwa siku mbili, kilomita 12 kila siku, mkilala porini na kuigiza maisha ya msafara wa zamani. Mtaelekea upande wa Ziwa, uleule alioelekea Mwingereza John Hanning Speke mwezi Julai 1858, alipotoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, hata akaliona Ziwa mwanzoni mwa Agosti. Vitabu vya shule hutuambia kwamba Speke "aliligundua" Ziwa, kana kwamba babu zetu walikuwa wakivua samaki gizani. Vitabu hivyo havituambii sana kuhusu Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India, ambaye alikuwa mkalimani na mkono wa kuume wa Speke katika safari hiyo. Na kuhusu waliobeba mizigo karibu havituambii neno.

Nyumbani kwa hao wapagazi ni hapa. Wanyamwezi na Wasukuma walisifiwa hadi pwani kwa kazi hiyo. Wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walikwenda Bagamoyo na kurudi, na kwa kijana wa siku zile safari ya pwani ilikuwa alama ya kuwa mtu mzima. Hata hivyo tusiifanye historia kuwa tamu kuliko ilivyokuwa, kwa maana njia hizohizo zilipitisha pembe za ndovu na watumwa. Mmoja wenu alipendekeza tuchukue minyororo ili baadhi ya vijana waigize watumwa. Nilimshukuru kwa kutotaka kusahau, lakini minyororo hatutaichukua. Maumivu ya namna ile hayafai kuwa mchezo wa jioni. Usiku wa kwanza, kabla ya chakula, mtakaa kimya kwa dakika 10 na kuwakumbuka. Hilo linatosha, na ni gumu kuliko mnavyodhani.

Sasa niseme juu ya vitu vyenyewe.

Kwanza, uzito. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kwa kawaida kati ya kilo 27 na 32, yaani kama frasila mbili. Bunda la nguo liliviringwa na kukazwa kwa kamba hata likawa gumu kama gogo, nalo liliitwa mtumba. Leo tukisema mitumba tunawaza nguo za mnadani. Jina hilo lilitembea begani kabla ya kufika sokoni. Ndani ya mtumba kulikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la Marekani kilikotoka, pamoja na kaniki. Na mizigo mingine ilikuwa ya shanga na ya nyaya za shaba. Ninyi mtabeba kilo 10 kila mmoja, na walio chini ya miaka 18 watabeba kilo 5. Mizani iko mlangoni. Kila atakayepita ataupima mzigo wake, na kitakachozidi kitabaki ukumbini.

Pili, chakula. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, pungufu kidogo ya robo tatu ya kilo. Kwa hiyo soda na biskuti zitabaki. Mtachukua unga wa mtama na wa uwele, kwa kuwa siku zile hizo ndizo zilizokuwa nafaka kuu za huku. Mtachukua karanga, chumvi, na viazi vyetu vilivyokaushwa, michembe na matobolwa. Akina mama wa Usharika wamewaandalia. Mkumbuke kwamba michembe hukaushwa ikiwa mibichi na hivyo itahitaji kupikwa, bali matobolwa yalikwisha kuchemshwa kabla ya kuanikwa, nayo yaweza kutafunwa njiani. Asiyeijua tofauti hiyo atalala njaa, au atavunjika jino.

Tatu, chungu. Wapagazi walikula kwa makundi, kila kundi na chungu chake. Nanyi mtakuwa sita kwa kila chungu. Hakuna atakayebeba sufuria yake peke yake. Msafara uliondoka alfajiri, ukajitahidi kupiga kambi kabla ya jua kuwa kali, ili kuni, maji na moto vipatikane mapema. Mkiamka saa 2 asubuhi mkaanza kutafutana viatu, mtakuwa mmeigiza jambo jingine.

Nne, mavazi. Nimeona wengi mmenunua katambuga mkidhani ndivyo viatu vya mababu. Katambuga hutengenezwa kwa tairi la gari, na mwaka 1858 tairi la gari lilikuwa halijafika popote. Mpagazi alikwenda pekupeku au kwa ndara za ngozi. Lakini sitaki mtu arudi na mwiba katika kisigino. Vaeni viatu vilivyofungwa vizuri, ambavyo miguu yenu imekwisha kuvizoea. Katika afya hatutaigiza. Kila mmoja atalala ndani ya chandarua. Maji yatachemshwa kabla ya kutiwa katika vibuyu. Sanduku la dawa atalibeba muuguzi wetu. Simu mbili zitakuwa kwa walezi na si kwa mwingine yeyote. Wapagazi wengi walikufa njiani kwa ndui, kwa kuhara na kwa homa. Kuwaheshimu si kufa kama wao.

Hayo ndiyo matayarisho ya nje. Nataka kuwaambia kwa nini mizani ile imewekwa mlangoni.

Wiki iliyopita nilipotaja kilo 32, wengi mliguna. Kijana mmoja hakuguna, bali alicheka. Nilipomwuliza sababu, akajibu kwa adabu, "Mchungaji, huo mbona ni mzigo wa kawaida." Yeye alitoka machimboni upande wa Geita mwezi uliopita. Huko hupandisha viroba vya mawe kutoka duarani na kuvipeleka kwenye karasha, akilipwa kwa kiroba. Tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, dunia inazijua tani za dhahabu ya ukanda wetu. Lakini pembeni mwa migodi mikubwa wako maelfu ya wachimbaji wadogo, na miongoni mwao wamo watoto wa Usharika huu. Tulikuwa tumejiandaa kuwaigiza wapagazi kama watu wa kale, kumbe mpagazi alikuwa ameketi katika benchi la tatu.

Naomba sasa niungame jambo moja mbele yenu na mbele ya Baba Askofu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia, katika miaka ya 1980, nilitumwa wakati wa likizo kuzitembelea sinagogi za mbali, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Nilifunga sanduku. Niliweka vitabu 11, suti, viatu vya akiba, na pasi ya mkaa, ili nisimame mbele ya watu nikiwa nimenyooka. Sikuweza kulibeba mwenyewe hata kwa hatua mia. Mzee mmoja wa Kanisa akalichukua, akaliweka begani, akatembea nyuma yangu siku mbili. Mimi nilitangulia na Biblia mkononi. Tulipofika nilipewa kitanda, maziwa na kiti cha mbele. Yeye alilala nje karibu na ghala. Jumapili nilihubiri, na watu walinishukuru kwa kuwa nimewaletea Neno kutoka mbali.

Nilirudi chuoni nikaandika taarifa. Nilitaja sinagogi nilizozitembelea, na idadi ya watu, na mafungu niliyoyahubiri. Nikaandika kwamba nilifika salama. Jina la yule mzee sikuliandika, kwa sababu sikuwahi kumwuliza. Miaka mingi baadaye nilifika tena kule nikiwa Mchungaji, nikauliza habari zake. Wakaniuliza, "Mzee yupi?" Sikuwa na la kuwajibu.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo sijaweza kusoma bila kutetemeka ile habari ya Simoni Mkirene katika Injili ya Marko, sura ya 15. Alikuwa mtu aliyepita njia akitoka shamba, akalazimishwa kuubeba msalaba. Askari hawakuwa na haja ya jina lake. Walihitaji bega tu. Lakini Marko aliliandika jina lake, na mji wake, na majina ya wanawe wawili, Iskanda na Rufo. Ina maana kulikuwa na watu kanisani waliowafahamu wale watoto, na waliona si sawa kwamba jina la aliyebeba lipotee.

Linganisheni na habari nyingine. Daudi Livingstone alipofariki mwaka 1873, watu wake, wakiwamo Susi na Chuma, waliubeba mwili wake kutoka katika nchi iitwayo leo Zambia, wakapita Tabora kwa jirani zetu, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mwezi Aprili mwaka huo alizikwa katika kanisa la Westminster, London. Mmoja tu wa wale wabebaji, Jacob Wainwright, alikuwapo mazikoni. Juu ya kaburi kuna jiwe linalotaja mikono mwaminifu iliyomleta. Mikono imetajwa, majina hayakutajwa. Sisi tusilaumu jiwe la London kabla ya kuyatazama mawe yetu ya msingi.

Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Kabla ya hapo, Biblia nyingi zilizofika huku zilipitia ama katika chombo cha Ziwani, ama begani mwa mtu. Na wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910, walikuta Wahaya waliokwisha kuanza kusoma na kusali. Injili ilibebwa na wengi kuliko walioandikwa. Katika kitabu chetu cha Jubilei tumepanga picha za Wachungaji wote waliohudumu hapa, na yangu imo. Lakini nani alisomba mchanga wa kanisa hili? Nani alichota maji ya kufinyangia matofali? Nani alibeba mabati? Baadhi yao wangali hai, nao ni wachache kila mwaka.

Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, anatuagiza kusaidiana mizigo, kisha mistari michache mbele anasema kila mtu ana mzigo wake mwenyewe. Nilipokuwa chuoni nilijifunza kwamba katika Kiyunani ametumia maneno mawili: baros, uzito umwelemeao mtu, na phortion, furushi la kila msafiri. Nilifaulu swali hilo katika mtihani. Kumbe nilikuwa nimempa mzee wa watu furushi langu, na uzito wake yeye sikuuona kabisa.

Kwa hiyo, vijana, katika kila kundi la watu sita nafasi ya kitu kimoja isikosekane: daftari na kalamu. Ni gramu chache. Kila kijiji mtakachopita, mtafute mzee au bibi, mketi chini, mwamkie kama inavyotupasa, na mwulize nani alibeba. Andikeni jina, na jina la baba yake, na alichokibeba. Na mkirudi, mwanzieni na kijana wetu wa benchi la tatu, naye aandikwe. Naiomba Kamati itenge kurasa katika kitabu chetu kwa ajili ya majina hayo, hata kama picha zitapungua. Mwanzoni iondolewe ya kwangu.

Yule mzee wangu hataandikwa. Hilo litabaki kuwa deni langu mbele za Mungu, aliye peke yake anayelijua jina lake.

Sasa simameni, mchukue mizigo yenu, mpite mmoja mmoja penye mizani. Nami nimefunga wa kwangu. Una kilo 10, na pasi haimo. Nitatembea nyuma yenu.

Bwana awalinde kutoka kwenu na kuingia kwenu. Amina.