KITU KILEKILE, MAANA MPYA
(Maneno ya kikundi cha ususi mbele ya mkutano wa wanachama)

Vikapu vyetu vimerundikana ghalani. Wengine mwasema tushushe bei. Sisi wasusi twasema: ngojeni kwanza, tusikilizane.

Waswisi ni mafundi wa saa tangu zamani. Mwaka 1970 walioishi kwa kazi hiyo walikuwa kama 90,000. Zikaja saa za betri kutoka Japani, za bei rahisi na zisizokosea majira. Kufika katikati ya miaka ya 1980 walibaki 30,000 na kitu. Viwanda vikafungwa.

Mwaka 1983 wakatoa Swatch: saa ya plastiki, vipande 51 tu, bei chini ya faranga 50. Lakini saa rahisi hata Wajapani walikuwa nazo! Jambo kubwa lilikuwa maana. Zamani saa ilikuwa mali ya kurithisha, mtu na saa yake moja. Swatch ikawa vazi, kama kanga: leo rangi hii, kesho ile. Mtu mmoja akanunua tatu, nne.

Je, kikapu chetu ni cha kubebea sokoni tu? Huko mifuko ya bei ya chini imejaa. Tukishusha bei, tunajipunja wenyewe. Lakini kikapu cha zawadi ya harusi, chenye jina la bibi harusi lililosukwa ubavuni, nani atakilinganisha na mfuko?

Basi mkutano ujao kila msusi aje na kikapu kimoja, atuambie ni cha nini. Kazi kwetu.